Mikono ya Dudley Moore

Watu wengi wakitajiwa Dudley Moore, Mwingereza mchekeshaji na mpiga piano, humkumbuka yule tajiri mlevi wa filamu ya Arthur, amejilaza kwenye bafu na kofia ndefu nyeusi kichwani, anacheka kwa raha zake. Siwalaumu, sura ile haisahauliki. Mimi nilimsikia kabla sijamwona. Mjomba wangu alikuwa na kanda ya jazi iliyorekodiwa Uingereza miaka ya 1960, piano, besi na ngoma tu, na ilipigwa nyumbani mara nyingi kiasi kwamba nilijua ni wapi mkono wa kulia wa mpiga piano utachelewa na ni wapi utawahi. Nilipokuja kumwona kwenye televisheni, mtu mfupi mwenye nywele nyeusi zisizotaka kulala na macho ya mtoto mtundu, nilikuwa tayari nampenda kwa ajili ya mikono yake.

Alifariki tarehe 27 Machi 2002, akiwa na miaka 66. Tangu wakati huo nimesoma na kusikiliza mengi juu yake, na kila mara naona anagawanywa mafungu mawili: huku mchekeshaji, kule mwanamuziki, utadhani alikuwa akibadilisha nguo katikati. Kwangu vyote viwili vilitoka kwenye sikio moja. Yule mtu alijua kuchelewa. Alijua sauti au neno likicheleweshwa kidogo tu, msikilizaji huinama mbele, na hapo ndipo unapompata.

Alizaliwa London tarehe 19 Aprili 1935 na kukulia Dagenham, eneo la wafanyakazi mashariki mwa jiji. Baba yake alikuwa fundi umeme wa reli. Alizaliwa na nyayo zilizopinda, na mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba na mfupi kuliko wa kulia maisha yake yote. Sehemu kubwa ya utoto wake wa mwanzo aliitumia hospitalini, anatoka upasuaji huu anaingia ule, mbali na nyumbani. Alipokuwa mtu mzima aliwahi kusimulia habari za muuguzi mmoja aliyeinama kitandani kwake akambusu kumtakia usiku mwema, na jinsi busu lile lilivyomkaa moyoni miaka nenda miaka rudi. Shuleni wenzake walimdhihaki kwa ufupi wake na kwa mguu wake, naye akajifunza kuwachekesha kabla hawajaanza kumcheka. Wachekeshaji wengi wana kisa kama hicho, kwa hiyo sitakaa hapo sana.

Kinachonishangaza ni ogani. Mtoto yule, pamoja na mguu ule, alikuja kuimudu ogani ya kanisa! Anayeifahamu ogani kubwa anaelewa maana yake. Mikono inahangaika na safu mbili au tatu za vibao juu, na huku chini kuna pedali, mbao ndefu zinazokanyagwa kwa ncha na kisigino cha kiatu, na mpigaji haruhusiwi kuangalia miguu yake kwa sababu macho yako kwenye noti. Besi yote ya muziki iko miguuni. Mwenye miguu miwili mizima huchukua miaka kuizoea kazi hiyo. Moore alipata nafasi ya kusoma Guildhall School of Music akiwa na miaka 11, akijifunza pia violini na utunzi, na alipokuwa kijana mdogo tu alikwishaanza kupiga ogani kwenye harusi za kanisani. Kisha ogani hiyohiyo ikamfungulia mlango wa chuo cha Magdalen, Oxford, kwa ufadhili uliotolewa kwa ajili ya mpiga ogani. Alimaliza shahada mwaka 1957, akabaki kuchukua na ya muziki mwaka 1958. Mtoto wa fundi wa reli wa Dagenham, katikati ya vijana waliotoka shule za kifahari! Inasemekana hakuwahi kujiona yuko sawa nao, na ukimtazama kwenye picha za wakati ule unaamini.

Mwaka 1960, kwenye tamasha la Edinburgh, vijana wanne walipanda jukwaani na onyesho la vichekesho lililoitwa Beyond the Fringe: Alan Bennett, Peter Cook, Jonathan Miller na Moore. Mwaka uliofuata lilihamia London, na mwaka 1962 likafika Broadway, New York. Wanahistoria wa vichekesho vya Uingereza hulitaja onyesho hilo kama mwanzo wa enzi mpya, kwa sababu liliwacheka viongozi wa serikali na wa kanisa waziwazi kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka. Sawa. Lakini katika onyesho zima kipande ninachokirudia ni cha Moore peke yake, na hakina neno hata moja.

Anakaa kwenye piano na kuchukua Colonel Bogey, wimbo wa gwaride la kijeshi wa mwaka 1914 ambao kila Mwingereza aliweza kuupiga mluzi. Anauchukua wimbo huo mwepesi na kuupiga kama ni sonata ya Beethoven. Mwanzoni zile sauti mbili za kwanza zinashuka kwa kishindo, kana kwamba kuna msiba mkubwa. Mkono wa kushoto unaanza kunguruma. Kisha wimbo unapotea, unarudi umegeuzwa, unatulia ukawa wa huzuni na upole hadi unajikuta unauonea huruma wimbo wa askari, halafu hasira inarudi tena. Kila hila ni ya Beethoven kwelikweli. Mtu asiyejua muziki anacheka kwa sababu ya uso wa Moore, uliokunjamana kwa uchungu wa msanii mkuu. Anayejua muziki anacheka zaidi, kwa sababu anaona hakuna kosa hata moja katika kuiga huko.

Halafu unafika mwisho, na mwisho hautaki kufika. Beethoven alipenda kufunga kazi zake kwa kurudia kodi ya mwisho, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, tena na tena, kama katika Simfoni ya Tano. Moore anaichukua tabia hiyo na kuivuta. Anapiga kodi ya kufungia. Watazamaji wanaanza kupiga makofi. Mikono yake inakimbia tena. Anafunga, inakimbia. Anawatupia watu jicho la kuomba msaada, kana kwamba mikono imekataa kumtii na yeye mwenyewe hajui itamwachia lini. Anainuka kidogo kwenye kiti, akikaribia kuondoka, na mkono mmoja unamrudisha. Nimejaribu kuhesabu ni sekunde ngapi anasubiri kabla ya kila kodi ya uongo, nikaacha, maana urefu wake hautokani na saa. Unatokana na vicheko vya ukumbini. Anasubiri hadi kicheko kimefika juu kabisa na kinataka kuanza kushuka, hapo ndipo anapiga. Mtu ambaye sikio lake halijafundishwa muziki hawezi kufanya hivyo.

Ujuzi huo wa kuchelewa aliutoa kwa watu alioabudu upigaji wao, Oscar Peterson na hasa Erroll Garner. Garner, Mmarekani asiyejua kusoma noti, alikuwa na mtindo wa pekee: mkono wa kushoto unapiga kodi nne kwa kila hatua, imara, kama mtu anayekwangua gitaa, na mkono wa kulia unakuja nyuma ya mapigo, umechelewa kidogo tu, unajivuta, hadi ghafla unaruka na kuwahi. Ukimsikiliza Garner unapata hamu ya kusogea kitini. Moore aliukamata mtindo huo akaupa utundu wake. Alikuwa na kundi lake la watu watatu, Pete McGurk kwenye besi na Chris Karan kwenye ngoma, na walikuwa wakipiga usiku katika klabu ya Establishment mtaa wa Soho, iliyofunguliwa na Peter Cook mwaka 1961. Muziki wao una furaha ambayo jazi nyingi ya miaka ile iliionea haya. Wakosoaji wengine waliiona nyepesi. Siafikiani nao hata kidogo: kupiga kwa furaha bila kuwa mjinga ni kazi ngumu, na Moore aliifanya usiku baada ya usiku.

Kwenye televisheni alipata umaarufu mkubwa pamoja na Cook, katika kipindi cha Not Only... But Also, kilichoanza BBC2 mwaka 1965. Cook alikuwa mrefu, mwenye sauti kavu na akili ya kutisha. Moore alikuwa na sentimita 159 na moyo wake wote ulikuwa usoni. Walikuwa na wahusika wao wawili, Pete na Dud, wanaume wenye kofia bapa na makoti ya mvua wanaojadili sanaa, dini na wanawake kwa uhakika mkubwa na ujuzi mdogo. Kuna kipande wamekaa kwenye jumba la sanaa wanakula sandwichi. Cook anaona mwenzake amejaza mkate mdomoni, na pale pale anaanza kuongeza maneno ambayo hayakuwamo kwenye mazoezi. Unamwona Moore anapigana. Mashavu yamefura, macho yanatokwa machozi, mabega yanatikisika, anajaribu kutafuna ili asicheke na kutafuna kwenyewe kunazidisha. Cook amekaza uso, anamsubiri. Waigizaji huonywa kwamba kucheka katikati ya mchezo ni kosa. Hapa ndiyo asali yenyewe, kwa sababu unamwona mtu anampenda rafiki yake mbele ya nchi nzima na hawezi kuficha.

Sehemu kubwa ya vipindi hivyo haipo tena. Miaka ile mikanda ya video ilikuwa ghali, na BBC ilifuta mingi ili itumike upya. Kila nikifikiria piano iliyofutwa pamoja na vichekesho hivyo naumia. Kila kipindi Moore alikuwa akipiga na kundi lake, na mwishoni wawili hao walikuwa wakiimba wimbo wa kuagana, Moore akipandisha sauti juu kama mwanamke wa kwaya.

Lazima nitaje pia lile igizo la mtu mwenye mguu mmoja aliyekuja kuomba nafasi ya kuigiza Tarzan. Cook alikwisha kuliandika alipokuwa kijana, kabla hawajafahamiana, kwa hiyo halikulenga mguu wa Moore. Lakini Moore ndiye aliyekuja kuruka jukwaani kwa mguu mmoja, uso umejaa matumaini, huku Cook akimweleza kwa adabu zote kwamba hana kitu “against” mguu wake wa kulia, ila tatizo ni kwamba Moore naye hana, maana neno hilo la Kiingereza ni “kupinga” na pia “kando ya”. Watu wanavunjika mbavu. Mimi nacheka nao, na wakati huohuo namwona mtoto wa wodini Dagenham, na sijawahi kuweza kuvitenganisha viwili hivyo.

Katika miaka ya 1970 urafiki na Cook ulichakaa, pombe ya Cook ikiwa sababu kubwa, na Moore akahamia California. Bahati ya Hollywood ilimjia akiwa ameshapita miaka 40, na kwa njia ya ajabu. Blake Edwards, mwongozaji, alifahamiana naye kwenye kikundi cha matibabu ya kisaikolojia. Mwigizaji aliyechaguliwa awali kwa filamu ya 10, George Segal, alipojiondoa, Edwards alimkumbuka yule Mwingereza mfupi. Filamu ikatoka mwaka 1979 na Moore akawa nyota. Wengi wanamkumbuka mwigizaji mwenzake, Bo Derek, akikimbia ufukweni. Mimi namkumbuka Moore kwenye baa ya hoteli, mhusika wake amechoka na maisha, anakaa kwenye piano na kupiga, na kwa dakika chache vichekesho vyote vinasimama. Hakuna mwigizaji mwingine wa vichekesho wa wakati ule ambaye ungeweza kumpa tukio hilo bila kuficha mikono yake nje ya picha.

Mwaka 1981 ikaja Arthur, ikamfikisha kwenye uteuzi wa tuzo ya Oscar. John Gielgud, aliyeigiza mtumishi wake, ndiye aliyeipata ya kwake. Inachekesha, kweli, lakini ninachokipenda ni pale mtumishi anapougua na Arthur, mtu ambaye maisha yake yote amehudumiwa, anakaa kitandani kwake kumhudumia. Moore hapo hachekeshi kwa nguvu. Anashusha sauti kama mpiga piano anayekanyaga pedali laini.

Baada ya hapo filamu zake nyingi hazikuwa nzuri, na sioni haja ya kuzipitia moja moja. Muziki haukumwacha. Alikuwa mmoja wa wenye mgahawa uliokuwa Venice, California, na alikuwa akienda kukaa kwenye piano ya pale na kuwapigia watu wanaokula. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifanya mfululizo wa vipindi vya televisheni na Georg Solti kuhusu okestra. Katika vipindi vile Solti, mmoja wa waongozaji wakuu wa okestra duniani, anamsikiliza kama mwanamuziki mwenzake, na furaha ya Moore kwa kupewa heshima hiyo inaonekana wazi.

Halafu mikono ikaanza kumsaliti. Alianza kusahau maneno ya maigizo, kupepesuka, kutamka ovyo. Mwaka 1995 Cook alikufa. Watu walimwona Moore akiyumba wakahitimisha kwamba amelewa, maana si ndiye yule mlevi wa sinema? Dhana hiyo ilimfuata kwa miaka, na ndiyo sehemu ya maisha yake inayonitia hasira. Septemba 1999 alitangaza ugonjwa wake, maradhi adimu ya ubongo yanayojulikana kwa kifupi kama PSP, ambayo huharibu polepole mizani ya mwili, mwendo wa macho, usemi na kumeza. Hayana tiba. Katika tangazo lake alisema amesikia ugonjwa huo humpata mtu mmoja kati ya 100,000, na kwa kuwa chama cha waigizaji kina wanachama 100,000, amejitolea kuubeba yeye ili wenzake 99,999 wapone. Sauti ilikuwa imeanza kukatika, lakini bado alijua ni wapi pa kuchelewa.

Alikuwa amehamia New Jersey, karibu na nyumba ya rafiki yake Rena Fruchter, naye mpiga piano. Wawili hao walikuwa wamepiga pamoja majukwaani na kusaidia kupeleka muziki kwa watu walioko hospitalini na sehemu nyingine ambazo hawawezi kutoka. Nikimkumbuka yule mtoto wa wodini, naona alikuwa anarudisha kitu fulani. Vidole vilipokataa kabisa, Fruchter aliendelea kumpigia. Novemba 2001 alipelekwa Buckingham kwenye kiti cha magurudumu kupokea nishani ya CBE kutoka kwa Mwanamfalme Charles. Hakuweza kusema neno. Miezi minne baadaye alifariki kwa nimonia.

Ukitaka kumwona mtu mzima wote, mchekeshaji na mwanamuziki kwa pamoja, tafuta filamu ya 1967 aliyoifanya na Cook, Bedazzled. Moore ni mpishi wa mgahawa anayeiuza roho yake kwa shetani, ambaye ni Cook, ili apendwe na mhudumu mmoja. Moja ya matakwa yake ni kuwa nyota wa muziki. Basi anaimba, amevaa suti inayometameta, anapiga magoti, anabembeleza, anapiga kelele apendwe, na wasichana wanazimia. Kisha anapanda Cook, amesimama wima kama mlingoti, na kwa sauti ya barafu anawaambia wasichana haohao kwamba hawapendi, hawataki, wamwache. Wanamhama Moore wote kwa mara moja.

Muziki wa filamu ile aliutunga Moore mwenyewe, wimbo wa kubembeleza na ule wa barafu. Aliketi kwenye piano akauandikia moyo wake wimbo, halafu akamwandikia rafiki yake wimbo wa kuushinda, na ule wa pili ndio mzuri zaidi. Ukiusikiliza, fuatilia jinsi unavyozidi kupoa huku ala zikizidi kupanda, na utajua ni nani aliyekuwa kwenye piano.